Saa ya Ukutani: Filamu Zinapoikosea Redio

Hotuba kwa watengenezaji filamu vijana, Kisumu

Wazee wetu mlioketi mbele, walimu, nanyi vijana mliotoka Kakamega, Siaya na hata Nakuru kuja hapa Kisumu asubuhi hii, hamjambo. Asanteni kwa kunialika.

Mimi sikuanzia kwenye filamu. Nimekaa miaka 23 nyuma ya kioo cha studio ya redio katika mji huu, nikiwa fundi mitambo. Mtangazaji hukaa upande ule na maikrofoni, mimi nakaa upande huu na simu za wasikilizaji, nyimbo, matangazo ya biashara na saa. Nilipostaafu, vijana fulani walinifuata nyumbani. Walikuwa wanatengeneza filamu kuhusu mtangazaji wa kipindi cha usiku, kile cha wasikilizaji kupiga simu na kutoa dukuduku zao. Hadithi inatokea hapahapa Kisumu, kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, siku za uchaguzi na ghasia zilizoufuata. Walinipa daftari na kalamu, wakasema: mama, wewe utatuangalizia mwendelezo, yaani kuhakikisha kipande kimoja cha filamu hakipingani na kingine. Filamu hiyo sitaitaja, wala waliofanya kazi nami sitawataja. Nawapenda, na makosa nitakayoyasimulia mengine yalipita mbele ya macho yangu mwenyewe.

Kabla sijafika huko, nataka tuelewane kuhusu jambo moja. Redio ya moja kwa moja ni kazi ya saa. Kila kitu kinachofanyika studio kinafanyika wakati mmoja na wakati ule anaoishi msikilizaji. Mama anayekaanga samaki pale Dunga na mtangazaji aliye studio wanatumia dakika ileile. Filamu haiko hivyo. Filamu hukata muda vipandevipande, ikapiga picha kipande cha mwisho Jumatatu na cha kwanza Alhamisi, halafu ikaviunga. Ndiyo maana filamu inayosimulia redio huteleza kirahisi kuliko filamu ya harusi au ya shamba. Ukichunguza makosa yake, utakuta karibu yote ni makosa ya wakati: wakati wa saa ya ukutani, wakati wa sauti kusafiri, na wakati wa kalenda.

Tuanze na saa ya ukutani. Studio zote za redio zina saa kubwa, na mwelekezaji wa filamu huipenda kwa sababu inaonekana vizuri nyuma ya kichwa cha mtangazaji. Basi tulipiga picha mazungumzo ya dakika 3 kati ya mtangazaji wetu na msikilizaji. Ilituchukua siku 2. Saa ilikuwa inatembea. Tulipoangalia vipande vimeunganishwa, mtangazaji anauliza swali mishale ikiwa kwenye saa tatu na dakika kumi, anajibiwa saa tatu unusu ikiwa imepita, anashukuru saa tatu haijafika. Dawa yake ni rahisi na kila mtu wa mwendelezo anaijua: toa betri, uweke mishale kwa mkono kila mnapoanza kupiga picha. Lakini katika redio hilo halitoshi. Lazima ujue kwamba saa kamili ina taarifa ya habari. Mtangazaji akiendelea kupiga soga na msikilizaji mshale mrefu ukiwa juu kabisa, kila aliyewahi kusikiliza redio atajiuliza habari zimeenda wapi.

Tulipata pia kosa ambalo nadhani linaweza kutokea kwetu tu. Hati ya filamu iliandikwa kwa Kiswahili, kisha ikatafsiriwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wafadhili. Mtangazaji anasema, "Sasa ni saa tatu usiku." Mfasiri akaiacha tatu ikawa tatu ya Kizungu, yaani saa tisa ya usiku wetu. Kijana wa vifaa akasoma ile tafsiri, akapanda juu ya kigoda, akauweka mshale kwenye namba 3. Kwa mgeni anayesoma maandishi ya chini ya picha, kila kitu kimelingana. Kwa mtu wa Kisumu, mtangazaji anatangaza saa tatu chini ya saa inayosema saa tisa, na nje ya dirisha akina mama bado wanauza mboga. Niliona, nikasema, ikarekebishwa. Lakini nawaomba mlishike hili: mkiwa na hati za lugha mbili, anayeshika saa lazima asome ile ya Kiswahili.

Na jua. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Hapa Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwaka mzima, kama si Januari basi ni Julai, tofauti ni ya dakika chache. Kwa hiyo kipindi kinachoanza saa mbili usiku hakiwezi kuanza jua likiwa jekundu juu ya ziwa, hata kama picha ni nzuri namna gani. Nimeona filamu kutoka Ulaya ambamo saa tatu usiku bado kuna mwanga, na ni kweli, kule kiangazi kiko hivyo. Huwezi kuuazima mwanga huo ukauleta Kisumu.

Sasa nifike kwenye sauti, ambako ndiko roho yangu iko.

Katika filamu yetu kulikuwa na kitufe kikubwa chekundu. Msikilizaji anatukana, mtangazaji anabonyeza, tusi halisikiki hewani. Kitufe hicho kipo duniani. Kinafanya kazi kwa sababu kituo kinachelewesha matangazo kwa sekunde kadhaa, mara nyingi 7 hivi, ili kuwe na nafasi ya kukata kabla maneno hayajafika redioni kwa watu. Haya, tazameni filamu ilivyofanya. Msikilizaji anatukana, mtangazaji anabonyeza, na papo hapo, picha inaruka hadi chumba kimoja Nyalenda ambako mama anasikiliza redio, naye anashtuka kwa sababu sauti imekatika. Haiwezekani. Kama mtambo wa kuchelewesha upo, yule mama wa Nyalenda yuko nyuma sekunde 7. Yeye bado anasikia salamu. Kama yuko sawasawa na studio, basi mtambo haupo, na tusi limeshamfikia. Chagua moja. Filamu ilichukua yote mawili.

Na ukweli ni kwamba studio niliyofanyia kazi miaka ile haikuwa na mtambo huo kabisa. Kinga yetu ilikuwa kidole changu. Nilikuwa naweka kidole juu ya kitelezi cha simu, kile unachokisukuma juu sauti ije na kukivuta chini sauti ipotee, na nilikuwa nasikiliza pumzi ya mtu kabla hajasema neno. Mtu anayetaka kutukana huvuta pumzi tofauti na anayetaka kusalimia mkwewe. Baada ya miaka mingi unaijua. Nilimwambia mwelekezaji: ondoa kitufe, weka kidole. Picha ya kidole cha mtu aliyechoka, saa tano usiku, kikitetemeka juu ya kitelezi, ina nguvu kuliko kitufe chochote. Alikuwa ameona kitufe kwenye filamu za Marekani na alikipenda. Kitufe kikabaki.

Mengine ya sauti nitayapita haraka, ingawa kila moja lingetosha somo. Maikrofoni ikifunguliwa, spika ya studio hunyamaza yenyewe, na taa nyekundu huwaka juu ya mlango. Isiponyamaza, sauti itatoka kwenye spika, irudi kwenye maikrofoni, na mtasikia mluzi wa kuumiza masikio. Kwa hiyo mtangazaji anayezungumza na msikilizaji lazima avae hedifoni. Wetu alikuwa amezivaa shingoni kama mkufu, na sauti ya msikilizaji inatoka kwenye spika kubwa, bila mluzi. Vilevile yule msikilizaji nyumbani kwake alikuwa na redio inayonguruma kando ya simu. Wakenya wote wanajua mtangazaji husema nini kwanza: "Tafadhali punguza sauti ya redio yako." Sentensi hiyo haikuwemo kwenye hati. Kipindi kizima cha simu, wasikilizaji 11, hakuna hata mmoja aliyeambiwa apunguze redio!

Tena sauti ya simu ni nyembamba. Simu ya kawaida hupitisha sauti kuanzia mizunguko 300 hivi kwa sekunde hadi 3,400, basi. Uzito wa kifua haupiti, na ukali wa herufi "s" haupiti. Picha ikiwa nyumbani kwa anayepiga, tumsikie kwa sauti yake kamili. Picha ikirudi studio, sauti hiyohiyo iwe nyembamba. Mafundi wetu waliirekodi mara moja, nzito na safi, wakaitumia kote, na mtu akajikuta kama ameketi ndani ya studio badala ya kuwa mbali, peke yake, akitafuta wa kumsikiliza. Umbali ule ndio kipindi chenyewe.

Kuna dereva wa lori katika hadithi. Anatoka Kisumu, anapita Ahero, anapanda milima, anateremka hadi Nakuru, na njia nzima anamsikia mtangazaji wetu bila kugusa redio yake. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlima ukiingia kati, yanakatika. Kituo kinachosikika nchi nzima huwa na minara mingi, na kila eneo lina masafa yake, kwa hiyo dereva hulazimika kutafuta upya. Zamani za masafa ya kati mambo yalikuwa tofauti, kwani usiku mawimbi yale hurudishwa na anga na kufika mbali sana. Lakini hii ilikuwa FM, ya mwaka 2007. Nilipendekeza tumwonyeshe dereva akipoteza sauti taratibu, mchanganyiko wa mikwaruzo na maneno, halafu kimya. Hilo walilikubali, na ni kipande ninachokipenda kuliko vyote katika filamu ile.

Nije kwa kalenda. Mwaka 2007 si zamani, na hapo ndipo pana hatari, kwa sababu tunadhani tunaukumbuka. Mtangazaji wetu anaendesha gari kwenda kazini na nyuma yake inaonekana barabara ya juu ya Kondele. Mwaka 2007 Kondele ilikuwa na mzunguko wa chini, msongamano na vumbi, barabara ya juu ilijengwa baadaye. Gari lenyewe lina namba inayoanza na KD, herufi zilizoanza kutolewa mwaka 2020. Ukutani kuna bango la Airtel, ilhali mwaka ule kampuni hiyo iliitwa Celtel, ikawa Zain 2008 na Airtel 2010. Mtangazaji anasoma ujumbe wa WhatsApp, iliyoanzishwa 2009, na kumbe tulikuwa tukisoma ujumbe mfupi wa kawaida wa simu, kwa mamia. Mtu analipa kwa noti ya toleo jipya, lililotoka 2019. Msikilizaji mmoja anamlalamikia gavana, na Kenya haikuwa na gavana wa kaunti hadi uchaguzi wa Machi 2013. Nje ya studio boda boda zote ni pikipiki. Kisumu ya mwaka ule bado ilikuwa mji wa baiskeli, zenye kiti cha nyuma kilichoshonewa kitambaa cha rangi, na ukipanda mlima mwenye baiskeli anakuomba ushuke.

Kuna kosa jingine la namna hiyo ambalo halimo kwenye vitu bali mdomoni. Kijana anapiga simu, mzee yuko studio kama mgeni, na kijana anamwita "omera". Omera ni neno la Kijaluo la rika, la marafiki. Mzee huitwa jaduong', au baba. Katika kipindi chetu, kijana akisema hivyo, simu 10 zingeingia kumkemea kabla sijafika kwenye wimbo. Mwandishi wa hati hakutoka huku, na hakuna aliyemwuliza mtu wa huku. Mchezaji mwenyewe, mtoto wa Manyatta, alijua ni vibaya, lakini aliogopa kubadilisha maneno aliyopewa. Vijana wangu, mkishika jukumu la mwendelezo, waulizeni wachezaji. Wao ndio wanaotia maneno mdomoni.

Mtaniuliza: mama, kwani filamu za wakubwa hazikosei? Zinakosea. Good Morning, Vietnam ya mwaka 1987 inasimulia mtangazaji wa redio ya jeshi la Marekani huko Saigon mwaka 1965, na ndani yake unapigwa wimbo What a Wonderful World wa Louis Armstrong, ambao ulirekodiwa 1967. Watu wengi wanalijua kosa hilo na bado wanalia wimbo ukipigwa. Mimi pia nimelia. Kwa hiyo siwaambii kwamba kila kosa linaua filamu.

Lakini tofautisheni kosa na uamuzi. Mwaka 1988 Oliver Stone alitoa filamu iitwayo Talk Radio, kuhusu mtangazaji mkali wa Dallas anayeitwa Barry Champlain. Sehemu ya filamu hiyo inatokana na maisha ya Alan Berg, mtangazaji wa Denver aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 18 Juni 1984 na watu wa kundi la ubaguzi wa rangi. Mji umebadilishwa na jina limebadilishwa. Hilo si kosa. Mtengenezaji amekwambia waziwazi: huyu ni mtu wangu wa kubuni, nimechota kutoka kisima fulani. Wa kubuni anaweza kufanya lolote. Ukishaweka mji wa kweli, tarehe ya kweli na majina ya kweli, umetia sahihi.

Na filamu yetu ilitia sahihi. Mwishoni yalipita maandishi kwenye kioo cheusi yakisema watangazaji wa Kenya walitiwa hatiani kwa uchochezi katika mahakama ya kimataifa. Nilipoyaona nilisimama. Mtangazaji wa Kenya aliyefikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ni mmoja, Joshua arap Sang wa Kass FM, na majaji waliikatisha kesi yake tarehe 5 Aprili 2016 bila kumtia hatiani. Waliotiwa hatiani ni waanzilishi wa redio RTLM ya Rwanda, na ilikuwa Arusha, katika mahakama maalumu ya Rwanda, Desemba 2003. Mtu alikuwa amechanganya nchi mbili, mahakama mbili, na watu walio hai. Glasi ya maji ikibadilika ujazo, hakuna anayeumia. Ukimwandikia mtu hatia ambayo mahakama haikumpa, umemuumiza yeye na wanawe. Maandishi hayo yaliondolewa usiku uleule, na ninamshukuru mwelekezaji kwa hilo kutoka moyoni.

Liko moja ambalo halikuondolewa.

Kilele cha filamu ni usiku wa tarehe 1 Januari 2008. Mji unawaka moto, na mtangazaji wetu yuko hewani anapokea simu moja kwa moja, analia na wasikilizaji, anawasihi watulie. Wachezaji waliifanya vizuri sana. Lakini tarehe 30 Desemba 2007, jioni ileile matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali kupitia waziri wa usalama wa ndani iliamuru matangazo ya moja kwa moja yasitishwe. Amri hiyo ilidumu zaidi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo usiku ule, mtangazaji akipokea simu hewani, ama filamu imekosea, ama mtangazaji huyo anavunja amri ya serikali na anajua askari wanaweza kugonga mlango wakati wowote. Hati haikuwa na amri, wala mlango, wala hofu. Ilikuwa kama usiku mwingine wowote, wenye huzuni zaidi.

Nilimweleza mwelekezaji. Alinisikiliza kwa heshima. Pesa zilikuwa zimekwisha na chumba tulichokodi kama studio kilikuwa kimerudishwa kwa mwenyewe.

Filamu ilipoonyeshwa hapa mjini mara ya kwanza, niliketi karibu na mzee mmoja mwenye kofia. Kilipofika kipande kile aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni redio gani? Sisi tulikuwa na redio usiku ule. Tulizungusha, tukazungusha. Tulitaka kujua watoto waliokwama Nakuru wako hai. Hatukusikia mtu." Sikuwa na la kumjibu. Filamu ilikuwa imempa faraja ambayo hakuipata, na kwake hiyo ilikuwa kama kuambiwa kwamba usingizi ule aliokosa alikuwa ameulala.

Nimeulizwa na vijana wawili nje pale kabla hatujaingia: wewe ungekipigaje picha kipande hicho? Basi niwaambie tulivyokuwa, kwa sababu nilikuwepo. Tulicheza nyimbo za injili na vipindi vilivyorekodiwa wiki zilizopita, vyenye vicheko ndani yake ambavyo ilibidi nivikate kimoja kimoja. Mtangazaji alikuwa ameketi upande wake wa kioo, hedifoni masikioni, maikrofoni imefungwa, taa ya mlango imezimwa. Simu hazikuacha kuingia. Hazikuwa na mlio studio, zilikuwa na taa ndogo za njano, 4 kwa mstari, na zote ziliwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, tangu saa mbili hadi alfajiri. Mara kwa mara nilikuwa napokea moja, nje ya hewa. Nasema, "Tunakusikia, mama, lakini hatuwezi kukuweka hewani." Naandika jina la mtaa kwenye karatasi. Kisha naweka wimbo mwingine, na mtangazaji upande wake ananiangalia kupitia kioo, na kidole changu kiko juu ya kitelezi, kimevutwa chini kabisa.